Cheni ya Pikipiki na Sproketi Zake: Jinsi ya Kuzibadili Nyumbani

Mkulima, tangu pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150 kutoka India na China zilipoenea huku pwani katika miaka ya 2000, kazi nyingi za shamba zimehamia juu ya magurudumu mawili. Pikipiki ndiyo itoayo maembe Marafa mpaka barabara kuu, ndiyo iletayo mbegu na mbolea kutoka Malindi, na usiku wa manane ndiyo impelekayo mama mjamzito hospitali. Katika skimu zetu, tangu Gede iliyoanzishwa zama za ukoloni mpaka Magarini iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia, mashamba mengi yako mbali na lami, na gari halifiki kila mahali. Basi yafaa mwenye pikipiki ajue kuitunza, kama mwenye ng'ombe wa maziwa ajuavyo kukamua.

Leo twataka kukueleza habari za cheni, pamoja na sproketi zake, yaani yale magurudumu mawili ya meno: dogo la mbele linalozungushwa na injini, na kubwa la nyuma lililofungwa kwenye gurudumu. Kuzibadili ni kazi ya asubuhi moja chini ya mwembe wako. Haitaki gereji, wala haitaki elimu kubwa. Yataka spana zinazoshika vizuri, mahali pagumu pa kusimamisha pikipiki, na subira.

Cheni ikikatika njiani, hasara si ya cheni peke yake. Mara nyingi hujikunja na kujirundika mbele, penye sproketi ndogo, na nguvu ya injini huisukuma mpaka ipasue ganda la injini. Hapo kazi ya asubuhi moja imegeuka kuwa kazi ya kufungua injini nzima. Na pengine hujisokota nyuma, gurudumu likashikwa ghafula, na pikipiki yenye gunia mbili za muhogo ikaanguka katikati ya barabara ya Mombasa mbele ya basi. Kwa hiyo usingoje ikatike.

Kwa nini cheni hurefuka

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma ni raba. Sivyo. Cheni ya namna hii, ambayo Hans Renold aliibuni huko Manchester, Uingereza, mwaka 1880, imefanywa kwa viungo vingi, na ndani ya kila kiungo mna pini inayozunguka ndani ya kibomba kidogo cha chuma. Kila cheni ipindapo kwenye meno, pini husuguana na kibomba chake na kulika kidogo. Cheni ya pikipiki ndogo ina viungo 120 hivi. Pini zikilika kiasi cha sehemu 1 ya kumi ya milimita kwa kila kiungo, cheni nzima imezidi milimita 12. Hapana kilichovutika, kilichopo ni chuma kilichosagika.

Ubaya ni huu: meno ya sproketi yamekatwa kwa kipimo cha cheni mpya. Cheni iliyorefuka haikai tena chini katikati ya jino na jino, bali hupanda juu ya jino na kulikwangua upande mmoja, mpaka jino likawa limepinda kama ndoana. Basi sasa wajua kwa nini twasema uzibadili zote tatu kwa pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Wako wakulima wanaonunua cheni peke yake kwa sababu sproketi "bado ina meno". Cheni mpya juu ya meno ya ndoana hubebwa na meno machache tu badala ya kugawanywa na mengi, nayo hulika upesi ajabu. Mwenye kufanya hivyo hununua cheni mara mbili. Fedha zikiwa hazitoshi leo, ni afadhali uisafishe cheni ya zamani, uikaze, upunguze mizigo, na kungoja mpaka upate seti nzima.

Mchanga na chumvi

Huku kwetu cheni ina adui wawili ambao mtu wa Nyeri hawajui sana. Wa kwanza ni mchanga. Ule mchanga mwekundu wa Magarini ni mzuri kwa muhogo na mikorosho, lakini punje zake ni ngumu, nazo zikiingia ndani ya pini hufanya kazi ya tupa. Wa pili ni chumvi. Mwenye shamba karibu na mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, au apitaye pwani ya Mambrui wakati upepo wa kusi umeshika, ataona cheni iliyong'aa jioni imekuwa nyekundu asubuhi. Kutu ile hukamata viungo, vikawa vigumu kupinda.

Na hapa wengi hukosea kwa nia njema. Huichukua oili chafu iliyotolewa kwenye injini na kuimwaga juu ya cheni kwa wingi. Oili ile imejaa vumbi la chuma, na kwa kuwa huachwa imejaa nje ya cheni, hushika mchanga kama ulimbo ushikavyo ndege. Matokeo yake ni uji mweusi wa mchanga unaoisaga cheni usiku na mchana. Oili inayofaa ni ile nzito ya gia, namba 90, tone moja moja kwenye viungo, kisha nje ipanguswe kwa kitambaa mpaka pakauke. Mafuta yanatakiwa ndani ya pini. Nje ni ya kuzuia kutu tu.

Jambo lingine ni kava ya cheni. Pikipiki nyingi zilizoletwa kwa kazi za huku zilikuja na kava ya bati inayoifunika cheni yote, na vijana wengi huing'oa kwa sababu hupiga kelele au kwa sababu wanaona pikipiki hupendeza bila hiyo. Usiitoe. Kama imetoka, itafute uirudishe. Huzuia mchanga, na zaidi ya hayo huzuia nguo. Mama akipanda pikipiki kwa ubavu, leso yake ikiwa imening'inia, cheni iliyo wazi hukamata leso ile kwa nukta moja na kumvuta chini. Huo si urembo wa kuuonea fahari.

Jinsi ya kupima

Chukua futi ya fundi cherehani. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zima injini, toa ufunguo. Safisha kipande cha cheni, kisha kivute kwa mkono kiwe kimenyooka. Chagua pini moja, uihesabu kuwa ya kwanza, na kutoka kati yake pima mpaka kati ya pini ya 21. Kwa cheni ya namba 428, ambayo ndiyo itumiwayo na pikipiki nyingi za huku, kipimo cha cheni mpya ni inchi 10 kamili, yaani sentimita 25.4. Ikifika sentimita 25.9, imerefuka kwa sehemu 2 katika mia, na wakati wake umekwisha. Pima mahali patatu, maana hailiki sawasawa.

Kama huna futi, nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ushike cheni na kuivuta kurudi nyuma. Cheni nzuri haiondoki kwenye meno. Ikiwa waona mwanga chini yake, na nusu ya jino iko wazi, nunua mpya. Tazama pia meno yenyewe: jino zuri pande zake mbili hufanana, jino bovu limeinama upande mmoja kama pezi la papa.

Dukani

Usiende dukani mikono mitupu. Nenda umeandika jina la pikipiki na modeli yake, namba iliyopigwa ubavuni mwa cheni, hesabu ya viungo, na hesabu ya meno ya kila sproketi. Tarakimu ya kwanza ya 428, yaani 4, yaeleza umbali wa pini na pini: sehemu 4 za nane za inchi, ambayo ni nusu inchi. Jihadhari na cheni ya 420, ambayo ina umbali ule ule lakini ni nyembamba, nayo haiingii kwenye meno ya 428. Ukiona herufi H baada ya namba, maana yake bamba za pembeni ni nene zaidi. Kwa mwenye kubeba nazi na mananasi hiyo ndiyo ya kuchukua.

Kuhusu meno, wengine hushauriwa wabadili hesabu. Tuseme sproketi yako ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Injini huzungusha ya mbele mara 3 ili ya nyuma izunguke mara 1. Ukiweka 13 mbele, itakuwa mara 3.23, na pikipiki itapata nguvu zaidi ya kupanda, kadiri ya 8 katika mia, lakini kwa mwendo ule ule injini italia zaidi na kunywa petroli zaidi barabarani. Kwa mtu wa Marafa mwenye vilima na magunia yaweza kufaa. Kwa mtu wa Roka au Mtondia, ambaye njia yake ni lami tambarare, abaki na hesabu ya kiwandani.

Kazi yenyewe

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa baridi, mahali pa saruji au udongo mgumu. Stendi ikizama mchangani pikipiki itakuangukia. Tandika gunia, weka kopo la kutia nati na bolti. Uwe na mtu mzima mmoja wa kukusaidia, na watoto wakae mbali. Hapa twasema kwa nguvu: kamwe usizungushe gurudumu kwa injini huku mkono au kitambaa kikiwa karibu na cheni. Vidole vingi vimekatwa hivyo. Zungusha kwa mkono, polepole, gia ikiwa huru.

Anza na kava ndogo ya mbele, ubavuni mwa injini, ambayo kwa pikipiki nyingi iko upande wa kushoto. Pengine itabidi utoe kwanza mkono wa gia. Kabla ya kuutoa, tia alama kwa msumari kwenye mhimili wake ili urudi mahali pake. Ndani utakuta tope jeusi. Likwangue lote, ulioshe kwa brashi na mafuta ya taa. Usitumie petroli, maana mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo.

Sasa legeza sproketi ya mbele wakati cheni ingali imefungwa. Mwambie msaidizi akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, nawe ulegeze bolti. Wengi husahau hili, wakaitoa cheni kwanza, kisha sproketi ikawa yazunguka ovyo na bolti haitoki. Katika pikipiki nyingi ndogo kuna bolti mbili ndogo zinazoshika kibati. Ukizitoa, kibati huzungushwa kidogo mpaka meno yake yakapita, kisha hutoka. Nyingine zina nati moja kubwa yenye washa iliyokunjwa. Inyoshe washa kwa tindo kabla ya kutia spana.

Toa kava ya cheni, kisha tafuta kiungo chenye klipu. Kisukume klipu kwa koleo kitoke, uchomoe kiungo, na cheni itaachia. Ilaze chini kando ya ile mpya, uhesabu viungo. Lazima hesabu iwe sawa. Mpya ikizidi, viungo vya ziada hukatwa kwa kusaga kichwa cha pini na kuipiga itoke. Na hesabu inayobaki lazima igawanyike kwa mbili, la sivyo kiungo cha klipu hakitaingia.

Kutoa gurudumu la nyuma, fungua fimbo ya breki, kisha ule mkono wa chuma unaozuia bamba la breki lisizunguke. Tutaurudia mkono huu baadaye. Toa kotapini, nati ya ekseli, uchomoe ekseli huku ukilishika gurudumu. Kumbuka mpangilio wa washa na vibomba vya kando. Panga juu ya gunia kwa utaratibu uliovitoa. Sproketi ya nyuma imeshikwa kwa nati, mara nyingi 4, na chini yake kuna vibati vilivyokunjwa ili nati zisilegee. Vinyoshe, toa nati, ubadili sproketi. Wakati wa kukaza, kaza nati moja, kisha ile inayoikabili, mpaka zote zimeshika, na kunja vibati tena.

Kwa kuwa gurudumu limekwisha toka, tazama raba zilizomo ndani ya habu. Kazi yake ni kupokea kishindo cha injini. Zikiwa zimesagika, sproketi hucheza na cheni mpya hupigwa kama ngoma. Zungusha na beringi kwa kidole. Zikikwaruza, zibadili siku hiyo hiyo. Kama hujapata kutoa beringi, mpelekee fundi gurudumu peke yake.

Rudisha gurudumu, uisukume ekseli mbele kabisa ili upate nafasi. Weka sproketi mpya ya mbele, upande ule ule uliokuwa nje uwe nje. Pitisha cheni. Kuna hila ndogo ya kuunganisha: ncha mbili za cheni zikutane juu ya meno ya sproketi ya nyuma, maana meno yatazishika kwa ajili yako. Tia kiungo, bamba lake, kisha klipu. Klipu kina kichwa cha duara na mdomo ulio wazi. Kichwa kitangulie mahali cheni inakokwenda, mdomo ufuate nyuma. Kwa sehemu ya juu ya cheni, kichwa hutazama mbele ya pikipiki. Ukikigeuza, kitu chochote kitakachogusa mdomo ule kitakichomoa klipu, na cheni itaachana njiani.

Kukaza kwa kipimo

Cheni inayokazwa kama uzi wa zeze hufa upesi, tena huua beringi za injini na za gurudumu. Sababu ni kwamba pikipiki ikibeba mzigo gurudumu la nyuma hupanda, na cheni hukazika zaidi ya ulivyoiacha. Kwa hiyo lazima iwe na ulegevu. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, ukiisukuma cheni ya chini juu na chini kwa kidole, katikati ya sproketi mbili, iende sentimita 2 hadi 3. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Zungusha gurudumu na upime mahali pengi. Weka kipimo kwa kufuata mahali palipokaza kuliko pote.

Ekseli huvutwa nyuma kwa skrubu mbili, moja kila upande. Geuza zote kwa hesabu sawa, na angalia mistari iliyochorwa kando: lazima ilingane kulia na kushoto. Kisha chuchumaa nyuma ya pikipiki, utazame cheni kwa jicho moja, kama mpanda minazi apangavyo safu. Ikiwa imenyooka toka sproketi mpaka sproketi, vema. Ikiwa imepinda, gurudumu limekaa upande, na meno yatalika ubavuni.

Sasa kaza nati ya ekseli kwa nguvu, pima ulegevu tena kwa kuwa hubadilika ukikaza, tia kotapini mpya. Kisha ule mkono wa breki tuliotaja: urudishe, ukaze nati yake, utie na pini yake. Ukisahaulika, mara ya kwanza utakapokanyaga breki bamba lote la breki litazunguka pamoja na gurudumu, likate fimbo ya breki na pengine kulifunga gurudumu kabisa. Funga fimbo ya breki, jaribu kanyagio kwa mkono kabla hujapanda. Rudisha kava zote.

Endesha polepole bila mzigo mpaka kwa jirani na kurudi. Gusa habu, ikiwa imechemka, breki imebana au beringi ina shida. Cheni mpya hulegea kidogo katika siku za kwanza, kwa hiyo baada ya kilomita 200 hivi ikaze tena kwa kipimo kile kile, na tangu hapo iangalie kila kilomita 500. Wakati wa masika, au ukivuka maji ya chumvi, usingoje kilomita: ioshe jioni ile ile, ikaushe, utie oili, uipanguse. Kazi hiyo ni ya robo saa.

Wakati mzuri wa kubadili ni Oktoba, kabla maembe hayajaiva na kabla ya safari za kila siku kwenda sokoni. Cheni ya zamani usimpe jirani kwa pikipiki yake, itamharibia sproketi. Hufaa kufungia lango la zizi la mbuzi. Na kabla hujafunga kava ya ubavuni, andika ndani yake kwa rangi tarehe ya siku hiyo na kilomita zilizo kwenye saa ya mwendo, ili utakapobadili tena ujue seti hii ilikufanyia kazi kiasi gani.